Jinsi ya kupata wanyama msitu wa Kakamega kwa kufuata mabomba ya miti

Watu wengi wakienda msitu wa Kakamega wanafanya kosa lile lile nilikuwa nafanya mimi, wanaingia wakiangalia juu mpaka shingo inauma, wanangoja nyani wajitokeze kama wageni wa harusi, baada ya masaa mawili wameona kima mmoja na mgongo wa ndege fulani, alafu wanarudi Kisumu wakisema ule msitu hauna kitu. Kitu kiko, ni vile hujui pa kusimama.

Mimi nilifunguliwa macho na khotsa wangu, ndugu ya mama, mzee ambaye ametembea upande wa Isecheno tangu kabla sijazaliwa. Siku moja nikamlalamikia, akaniambia, "Mwana wa dada, wewe unatafuta mnyama. Mimi natafuta mahali mti unavuja, mnyama ananikuta hapo." Nikacheka, lakini mwaka huo wote nikaenda nikiangalia kama ni ukweli, na ni ukweli kabisa. Sasa hivi nikienda na wapwa zangu hatuulizi nyani wako wapi, tunauliza maji ya mti na sukari ya mti inapitia wapi na inatokea wapi, basi.

Hii ndio njia yangu, na inaanzia nyumbani, si msituni.

Siku moja kabla: sukuma, muwa na nduma

Mti uko na mabomba ya aina mbili. Shuleni waliita zailemu na floemu, tukakariri ya mtihani tukasahau jioni hiyo hiyo. Zailemu inapandisha maji na madini kutoka kwa mizizi kwenda kwa majani. Floemu inabeba sukari kutoka kwa majani kwenda mahali popote penye njaa, iwe ni mizizi, matunda, maua au majani machanga ambayo hayajaanza kujitegemea. Kitu cha kuweka kichwani ni hiki: kwa mti mkubwa, bomba la sukari liko nje nje, chini tu ya gome, na bomba la maji liko ndani kidogo, ndani ya ile tunaita mbao. Na bomba la maji limeundwa na seli zilizokufa, ni mirija mitupu, wakati lile la sukari liko hai. Hiyo tofauti itakusaidia siku nzima.

Kama uko na watoto, kata jani la sukuma wiki na kikonyo chake, tumbukiza kwa glasi ya maji yenye rangi nyekundu ile ya keki, acha mpaka asubuhi, alafu kata kikonyo ukitazame. Utaona vidoti vyekundu. Hivyo ni mabomba ya maji, na jani lenyewe litakuwa na mistari ya rangi kwa mishipa. Wapwa zangu walikataa kula hiyo sukuma, na sikuwalaumu.

Muwa nao sisi watu wa Western hatuhitaji maabara. Zile nyuzi unatema baada ya kutafuna, ndani yazo ndio mabomba yanapita, na ule utamu ni sukari iliyotengenezwa na majani ikabebwa na floemu ikawekwa akiba kwa shina. Ndio maana kipande cha chini ni kitamu kuliko cha juu, cha juu bado ni kichanga hakijajaza akiba, na ndio maana kila nyumba watoto wanapigania kile cha chini.

Alafu nduma. Amka kabla jua litoke, enda pale kwa mto au kwa mtaro penye nduma zimepandwa, angalia ncha za majani. Kuna tone la maji linaning'inia, linadondoka, lingine linakuja. Watu husema ni umande lakini umande unalowesha jani lote, hii inatokea kwa ncha na kwa ukingo peke yake. Ni mizizi inasukuma maji usiku wakati jani halipotezi maji kwa hewa, sasa yanakosa pa kwenda yanavuja. Kaa hapo dakika tano utaona wadudu wadogo wanakuja kunywa. Hapo umeshaona somo lote la msitu, mti umevuja na mnyama amekuja.

Jua likitoka mambo yanageuka, kusukuma kunakuwa kuvuta. Jani linapoteza maji kwa hewa kupitia vitundu vidogo sana, na kila tone linaloondoka linavuta lile la nyuma yake kwa sababu maji yanashikana kama watu wanavuta kamba, kutoka kwa jani lililo juu zaidi mpaka chini kwa ncha ya mzizi. Hiyo hesabu ilielezwa na wanasayansi wawili, Dixon na Joly, kule Dublin mwaka wa 1894 na hata leo ndio watu wanaitumia. Zaidi ya asilimia 90 ya maji mti unakunywa inaenda hewani, haubaki nayo. Ndio unatoka Khayega jua linachoma, unaingia chini ya miti unahisi kama umefungua friji, na hiyo unyevu ndio inafanya chura na konokono waishi huko ndani mchana bila kukauka.

Kufika

Kutoka Kisumu panda matatu ya Kakamega, shuka Khayega, chukua boda ipite Shinyalu ikupeleke Isecheno. Upande mwingine ni Buyangu, huko unaingilia barabara ya Webuye, na ndio sehemu iliyotengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Mimi napenda Isecheno kwa sababu ya miti mizee, ni mapenzi tu, usibishane na mimi. Kama unaweza, lala karibu uingie saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vaa gambuti, ingiza suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu, beba darubini hata ya bei rahisi na kioo cha kukuza, na uchukue mtembezaji wa pale pale, hata kama unajiona umejua njia. Mvua ni nyingi, kati ya milimita 1,500 na 2,000 kwa mwaka, kwa hivyo simu iweke kwa nailoni.

Simama kwanza chini ya mkuyu

Usizunguke zunguke, uliza mtembezaji mkuyu wenye matunda uko wapi wiki hii. Atakuwa anajua. Sasa angalia vile mkuyu unazaa, matunda hayako kwa ncha ya matawi kama maembe, yanatokea kwa shina na kwa matawi manene, mafungu mafungu yamebanana kwa gome. Mti umeweka chakula kando ya barabara kuu ya sukari. Na faida kwa wanyama ni kwamba hata yule mzito hahitaji kwenda kwa kijitawi chembamba, anakaa kwa tawi nene kama mtu amekaa kwa kiti cha hoteli anakula.

Hapo ndio utaona kima, na yule mdogo wa pua nyeupe na mkia mwekundu, mara nyingi wote wawili pamoja. Angalia mashavu yao, wanajaza matunda kwa mashavu kama mfuko wa soko alafu wanaenda kutafunia mahali pengine na kutema mbegu huko. Hondohondo wanakuja na kelele ya mabawa unasikia kabla uwaone. Yule ndege mkubwa wa bluu mwenye kishungi pia anakuja, ambaye kila mgeni anampiga picha na kila picha inatoka giza. Usiku ni zamu ya popo wa matunda.

Okota tunda moja lililoanguka, pasua. Ukiwa na bahati utapata vinyigu vidogo sana vimekufa ndani. Nyigu jike anaingia kwa kitundu kidogo pale mbele, mara nyingi mabawa yanakatika akiingia, anachavusha maua yaliyojificha ndani, anataga, anafia humo. Karibu kila aina ya mkuyu iko na nyigu wake. Sasa watoto wake wakishatoka wanaishi siku chache tu, kwa hivyo lazima kuwe na mkuyu mwingine uko tayari mahali wakati huo huo, na ndio sababu mikuyu haizai kwa msimu mmoja wote pamoja. Leo huu, mwezi ujao ule. Faida inaenda kwa nyani, Januari msitu umekauka miti mingine haina kitu, mkuyu mmoja mahali uko na chakula. Mimi sijawahi enda nikakosa kabisa.

Jambo lingine, kwaruza tunda bichi utaona maziwa meupe. Hayo si maji ya zailemu wala sukari ya floemu, ni mifereji mingine ya ulinzi ambayo mti umeongeza, inanata na inachoma kidogo. Tunda likiiva maziwa yanapungua. Ndio nyani anaminya minya na kunusa kabla ya kuuma, anauliza kama wamefunga hiyo mifereji.

Tafuta wanyonyaji

Hii sehemu watu wanaruka na ndio mimi napenda zaidi, kwa hivyo vumilia.

Kuna wadudu wamechomeka mrija kwa bomba la sukari na kuna wamechomeka kwa bomba la maji, na unaweza kujua nani ni nani bila kumgusa. Wale wa sukari ni kama vidukari, wale wadogo unaona hata kwa kunde nyumbani. Bomba la sukari liko na presha, ukitoboa linakujazia mdomo lenyewe. Shida yao ni sukari nyingi na protini kidogo, kwa hivyo lazima wanywe nyingi kupata ile kidogo wanataka, na sukari iliyobaki wanaitoa kwa nyuma kama matone ya asali. Sasa sisimizi wanajua. Ukiona sisimizi wanapanda kijitawi kwa foleni wakishuka tumbo limejaa, fuata foleni na kioo chako, utapata wamechunga vidukari kama ng'ombe, wanawakuna na vipapasi watoe asali, na mdudu mwingine akikaribia anafukuzwa. Majani ya chini yakiwa yananata ukiyashika, angalia juu, zizi liko hapo.

Wale wa bomba la maji wana kazi ngumu. Kumbuka kule maji yanavutwa, hakuna presha ya kukujazia, ni wewe unavuta dhidi ya mti wote. Na ukishavuta unapata maji tu yenye madini na virutubisho kidogo sana. Nyenje ndio bingwa wa hii, angalia uso wake umevimba mbele kama mtu amepigwa ngumi, hiyo ni misuli ya kuvuta. Watoto wao wanaishi chini ya ardhi wakinyonya mizizi. Na kwa sababu anakunywa maji mengi anakojoa mengi. Nilijua hiyo kwa njia mbaya, nilisimama chini ya mti saa sita mchana jua kali nikihisi manyunyu usoni, nikafungua mdomo kabisa nikisema mvua ya msitu tamu, khotsa akacheka mpaka akakaa chini. Kwa hivyo ukisikia nyenje wanapiga kelele juu na kuna manyunyu bila wingu, funga mdomo.

Kuna pia yule mdudu anajifunika povu jeupe kama mate kwa kijitawi, huyo pia ni wa bomba la maji. Povu linamkinga asikauke.

Alafu kuna mti unaolipa mwenyewe bila kutobolewa. Musutsu, ule mti majani yake yakizeeka yanakuwa rangi ya chungwa, uko hata kando ya barabara huku kwetu. Geuza jani pale linaposhikana na kikonyo utaona vitu viwili vidogo kama vichwa vya pini. Vinatoa tone tamu. Sisimizi wanakuja kunywa, na wakiwa hapo viwavi wanapata taabu. Mti unaajiri askari kwa mshahara wa soda.

Gonga mti, sikiliza kama uko tupu

Wapwa wangu waliniuliza swali ambalo liliniaibisha: mti uko na shimo katikati mpaka mtu anaweza kuingia, mbona haufi? Jibu liko kwa yale mabomba. Moyo wa mti mzee haupitishi maji tena, ni mbao iliyostaafu, kazi yake ni kusimamisha mti tu. Maji yanapita kwa pete za nje na sukari chini ya gome. Kuvu wakila moyo, mti unaendelea kunywa na kula kama hakuna kitu, na katikati panakuwa nyumba ya kupangisha.

Na wapangaji ni wengi. Hondohondo jike anaingia kwa shimo juu kabisa, mlango unazibwa kwa matope mpaka inabaki ufa mwembamba, na dume anamlisha kwa huo ufa zaidi ya miezi mitatu, mara nyingi ni matunda ya mkuyu. Kwa hivyo ukiona hondohondo dume mmoja anaenda na kurudi kwa shina moja mara nyingi, kaa mbali kimya, mke yuko ndani. Popo wanalala humo. Nyuki wanaweka asali humo, ambayo ikiwa utafikiria ni sukari ya floemu imetoka kwa ua ikazunguka ikarudi kukaa ndani ya mti.

Pia angalia ule mti unaitwa mutoto, ambao ndege aliangusha mbegu juu ya mti mwingine, ukaanza maisha angani. Mwanzoni unakua polepole sana kwa sababu hauna bomba linalofika chini, unategemea mvua na takataka za matawi. Siku mzizi wake unafika ardhini unapata maji ya uhakika, hapo ndio unakuwa jeuri, unaongeza mizizi inashikana inambana mwenyeji, miaka mingi baadaye mwenyeji ameoza na imebaki wavu wa mizizi uko tupu ndani. Hapo ndani tochi ni lazima, lakini usiingize mkono.

Na mbao iliyokufa ikianguka, hiyo ni zailemu tupu, chakula cha mchwa. Hawa mchwa, tsiswa kwa lugha yetu, wanaibeba wanaipeleka kwa kichuguu, wanaotesha kuvu juu yake wanakula. Mvua ikija kumbikumbi wanaruka, na mtu wa Western hahitaji kufunzwa kitu inafuata. Mimi huwaambia wapwa, ile kumbikumbi unakula na ugali ni mti uliopita kwa mikono mingi.

Majani

Mbega anakula majani sana, na tumbo lake liko na vyumba ambamo bakteria wanachachusha majani, karibu kama ng'ombe. Lakini hali jani lolote. Chukua jani changa na jani zee la mti mmoja, yavunje kwa mishipa. Changa linavunjika kama mchicha, zee linabaki na nyuzi. Zile nyuzi ni mabomba yaliyokazwa na kitu kigumu kinaitwa lignini ambacho hata tumbo la mbega haliwezi. Ndio maana utamkuta kwa miti yenye chipukizi, na ndio maana ukiokota jani lililooza chini unakuta nyama imeisha imebaki wavu wa mishipa, mzuri mpaka watoto wanabeba kuweka kwa daftari.

Saa ya kumtafuta ni asubuhi akiota jua na jioni akila. Jioni jani liko na sukari na wanga ya mchana wote ambayo floemu bado haijamaliza kubeba, na khotsa anaapa kwamba mbega wanajua hiyo.

Viwavi nao wana ujanja. Kwa mimea ya maziwa, vingine vinakata mshipa mkubwa kwanza, vinangoja maziwa yamwagike, alafu vinaenda mbele ya pale palipokatwa vinakula jani lililokauka maziwa. Ni kama fundi anafunga geti la maji kabla ya kufungua paipu. Ukiona jani limeinama katikati na alama ya kuuma kwa mshipa wa kati, geuza ncha, kiwavi yuko hapo au ametoka juzi.

Kamba na wezi

Haraka haraka tu. Zile kamba nene zinapanda miti ziko na mabomba ya maji mapana kuliko ya miti mingi, hazina haja ya kujisimamisha kwa hivyo shina lote ni usafirishaji. Kwa nyani ni madaraja, pale barabara imekata msitu angalia mahali kamba zimeshikana juu, watavuka hapo. Mukombero ni kamba pia, na mzizi tunaotafuna ni ghala lake la akiba. Ukichimba mzizi wote umechukua ghala, mmea haurudi, sasa unaelewa mbona watu siku hizi wanatembea mbali kuupata.

Wezi ni wale kimelea wanaota juu ya matawi, hata avokado ya nyumbani inao. Wanaingiza mdomo kwa zailemu ya mti na kunywa bure. Lakini maua yao chozi wanayapenda sana, na matunda yana mbegu inayonata, ndege anakula alafu anafuta mbegu kwa tawi, hapo mwizi mwingine anazaliwa. Ukiona tawi moja la mti lina majani tofauti na mengine, simama hapo na darubini.

Ukifika kwa mwiritsa

Mtembezaji atakuonyesha mwiritsa, mti wa gome nyeusi lenye mipasuko. Gome lake linanunuliwa kutengeneza dawa ya tezi dume na biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya udhibiti tangu 1995. Mimi nilipata mmoja umechunwa gome kuzunguka shina lote, majani bado kijani juu. Nikafikiri umepona. Khotsa akatikisa kichwa akasema huu umeshakufa haujaambiwa.

Zailemu bado inapandisha maji kwa hivyo majani hayajui. Lakini floemu ilitoka na gome, sukari haishuki tena, mizizi inakufa njaa pole pole mpaka siku inashindwa kunyonya maji. Malpighi, mwanasayansi Mwitaliano, alifanya hiyo jaribio karne ya 17, akakata pete ya gome akaona sehemu ya juu ya kidonda imevimba, chakula kimekwama hapo. Ukiona uvimbe juu ya kovu la mti, ndio hiyo. Na mwiritsa ukifa, mbega wanapoteza majani wanayoyategemea sana huku Kakamega, ndege na kima wanapoteza matunda yake. Kwa hivyo wakati wa kujifunza usichune gome la mti wowote, chukua tawi lililoanguka. Na kama dawa ni ya nyumbani, chuna upande mmoja mdogo, uache gome lenye uhai likizunguka.

Usiku, kama mtembezaji amekubali

Tochi yenye karatasi nyekundu. Tafuta miti yenye majeraha ambayo gundi imetoka ikaganda rangi ya kahawia. Macho yanayong'aa yakiruka ni komba, macho yanayosonga pole pole kama mzee anatafuta miwani ni poto, jamaa wa komba. Wote wanalamba gundi, pamoja na matunda na wadudu. Watu wa pwani husema mtu amelewa kama komba kwa sababu komba huiba tembo kwa kibuyu cha mgema, na tembo ni nini kama si maji ya floemu ya mnazi yamechacha. Huku kwetu komba hana mnazi, anajisaidia na gundi.

Mwisho angalia matope

Kwa njia ya kutoka, hasa siku ya jua baada ya mvua, vipepeo wanajaa kwa matope kama wametupwa hapo. Wengi ni madume wanafyonza chumvi. Mimea mingi haihitaji sodiamu, ile iliyo ndani ya chumvi, kama sisi kwa hivyo mabomba yake hubeba kidogo sana, na anayekula majani peke yake anabaki na hamu ya chumvi maisha yote. Watafiti waliofuata mbega kwa misitu yetu hii na ya Kibale kule Uganda waliwaona wakitafuna gome la mikalitusi, gome lenye sodiamu kuliko majani. Na Mlima Elgon, ndovu wanaingia pango la Kitum gizani totoro wakichimba ukuta kwa pembe walambe chumvi, kwa sababu ile miti yote ya mlima wanayokula haiwapi ya kutosha.

Mpwa wangu mdogo aliposikia hiyo ya ndovu alisahau vipepeo hapo hapo, sasa ananiuliza kila wiki kama nimepata nauli ya Kitale.